Yaya Yake

Mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama ninakofanya kazi ya ukalimani hapa Dar es Salaam, nangoja kesi yangu iitwe, simu ikaita. Alikuwa Furaha, kutoka Durban. Furaha hunipigia Jumapili baada ya kanisa, miaka nenda miaka rudi. Simu ya Jumanne haikuwa yake. "Yaya," aliniita, na kwa sauti ile nikajua. Mama Solange, shangazi yake aliyemlea, alikuwa ameugua wiki mbili, na usiku ule alikuwa ametutoka. Tulilia kidogo, yeye huko na mimi kwenye korido, watu wakinipita na mafaili yao. Kisha Furaha akasema kuna neno moja Mama Solange alilitamka mwishoni, na tangu alfajiri yeye na mdogo wake Jonas wanabishana juu yake. Wanataka mimi niwaamulie. Kabla sijauliza ni neno gani, karani alitoka mlangoni akaita jina langu. Nikamwambia Furaha nitampigia saa sita. Niliingia, nikaapa kama ninavyoapa kila siku, nikatafsiri maneno ya watu wengine kwa saa tatu, na moyo wangu wote ulikuwa Durban, mwaka wa tisini na nane, kwenye duka la simu la Mzee Sefu.

Watoto wa leo hawatanielewa nikiwaambia kwamba kulikuwa na maduka ya simu. Letu lilikuwa mtaa wa Point, hatua chache kutoka kwenye robot, yaani taa za barabarani, upande wa maghorofa ya South Beach. Lilikuwa na vibanda vinne vya mbao vilivyonuka jasho na mafuta ya nywele, kaunta iliyochubuka rangi, na nyuma yangu ubao mkubwa uliojaa vikaratasi. Wageni wengi wa mji ule hawakuwa na simu, kwa hiyo waliwapa ndugu zao namba ya dukani. Simu ikiita kutoka Lubumbashi au Lusaka au Kigoma, mimi napokea, naandika ujumbe, naubandika ubaoni kwa pini. Pini nyeupe ilikuwa ya ujumbe wa kawaida, unaongoja mwenyewe apite. Pini nyekundu ilikuwa ya kifo, ugonjwa, mtoto aliyezaliwa, au mtu aliyepotea akapatikana, na huo ulipelekwa kwa miguu siku hiyohiyo, mchana, Mzee Sefu akinishikia kaunta. Nani aliamua pini ipi? Mimi, binti wa miaka ishirini na tatu.

Mzee Sefu alikuwa Mzanzibari wa Chatsworth, kama wanavyoitwa watu wake pale, ingawa yeye wala baba yake hawakuwahi kuiona Zanzibar. Alizaliwa Durban, alisema Kizulu na barabara, Kiingereza na wateja, Kimakua na dada yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alichokirithi kwa bibi yake na kukichakaza. Aliniajiri kwa sababu nilitoka Tanga. "Wewe Kiswahili yako ni original," alisema siku ya kwanza, akinipa nusu ya mkate uliotobolewa na kujazwa mchuzi wa maharage, chakula cha mchana cha mji ule. Maneno hayo yaliniharibu. Nilivimba kichwa. Wateja wetu walikuwa Wakongo zaidi, na Kiswahili chao mimi nilikiona kama nguo iliyovaliwa kinyume. Wakisema "iko," nawaambia "yuko." Wakisema "bantu," nawaambia "watu." Waliniita mwalimu, nami nikafurahi, sikujua kwamba walikuwa wananicheka. Niliwasikia mara nyingi wakiitana "yaya" mle vibandani, "allô yaya, pole yaya," nikadhani ni utani wao wa mtaani. Kuuliza sikuuliza. Mtu wa Tanga amuulize mtu wa Kalemie maana ya neno la Kiswahili? Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini mimi niliona wahenga wale walikuwa wakiwaambia wengine.

Mama Solange nilimjua kwa pini nyekundu. Mwezi wa tisa ilikuja simu kutoka Mpulungu, Zambia: watoto wawili wa Deo, kaka yake, wamefika kwa boti pamoja na binamu wa familia, wazima wote. Kwao Kalemie vita vilikuwa vimeingia tena, na familia ilikuwa imetawanyika kila mmoja na njia yake. Nilipanda ghorofa kumi na moja kwa ngazi, maana lifti ilikuwa imekufa kabla sijafika nchi ile, nikagonga. Alitoka mwanamke mnene wa miaka kama arobaini, chanuo mkononi, mteja wake amekaa kwenye ndoo nyuma yake na kichwa kilichosukwa nusu. Nilipomwambia, alinishika mabega akacheza nami pale mlangoni mpaka mteja naye akaanza kupiga makofi. "Batoto iko bazima! Sasa amebakia Deo tu, Mungu wangu, amebakia Deo tu." Alinilazimisha kukaa, akanipakulia ugali na sombe, yaani kisamvu, chenye mawese. Kwao ugali ni bukari. Nikamwambia huo ni ugali. Akasema, "Sawa, mwalimu, kula ugali yako, mimi nitakula bukari yangu," na tukala sahani moja. Chumba chao kilikuwa kimegawanywa kwa mapazia, familia tatu, na dirisha lao lilionyesha kipande cha bahari chembamba kati ya majengo mawili. Nilirudi kazini nimechelewa na nimeshiba. Nilikuwa sijala chakula cha nyumba ya mtu tangu nitoke kwetu.

Sasa nifike kwenye ile Jumatatu. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua ya manyunyu, duka limejaa. Simu iliita, nikapokea kwa bega huku nikimrudishia mteja chenji. Sauti ya mwanamume, kavu kidogo, ya mtu aliyekohoa sana. "Allô? Iko ku Durban?" Nikasema ndiyo, Durban hapa. "Mama, mwambie Solange, yaya yake iko apa Kigoma. Amevuka. Apige ku ii namba." Nikamuuliza, kwa ile sauti yangu ya ualimu, "Yaya wake yuko Kigoma?" Akasema, "Njo vile. Yaya yake." Akataja namba polepole, tarakimu moja moja, kisha laini ikakatika. Kwetu, msomaji anajua, yaya ni mtumishi anayelea watoto. Nilicheka peke yangu. Wakongo kwa ukubwa hawajambo! Mtu anasuka watu kwenye ndoo ghorofa ya kumi na moja, na ana yaya. Nikaandika, nikimsahihisha yule mtu njiani: "Mama Solange. Yaya wako yuko Kigoma. Piga namba hii." Lile neno "amevuka" niliona halina kazi nikaliacha. Nikachukua pini nyeupe.

Nimelirudia tendo lile la mkono wangu kuchukua pini mara nyingi kuliko nilivyolirudia jambo lolote lingine maishani. Kila kitu kilikuwa mle ndani ya maneno yake, na mimi ndiye niliyekifuta. Hata sisi hatusemi "kaka wake" wala "dada wake". Ndugu wa mtu ni kaka yake, dada yake. Mtumishi ndiye yaya wake. Yule mtu alisema "yake," mara mbili, na mimi niliyejidai mwalimu nikaigeuza kuwa "wako" kwa sababu niliona hajui ngeli. Jumanne nilipeleka ujumbe mwingine kwenye jengo lilelile la Mama Solange, kwa fundi viatu wa chini kabisa. Nikatazama zile ngazi. Nikasema moyoni, Jumamosi si atakuja mwenyewe.

Alikuja Jumamosi, kama kawaida yake, mchana, na khanga mpya kiunoni. Niliibandua karatasi ubaoni nikampungia nayo, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nilikuwa nacheka. "Mama Solange, kumbe mwenzetu una mpaka yaya! Yuko Kigoma, anakungoja." Alisimama. "Yaya yangu?" Nikasema ndiyo, yaya wako, yule wa kulea watoto, nikamwongezea na jicho la utani. Aliichukua ile karatasi akaisoma midomo ikitembea. "Iyi simu ilikuya lini?" Jumatatu, nilisema. "Jumatatu," alisema. "Leo iko siku ya ngapi?" Mwanamke mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa kibanda cha tatu aliweka simu chini, akaniambia kwa upole kama anavyosemeshwa mgonjwa: "Mama, yaya ni mukubwa wako, kaka ama dada. Uyu ni kaka. Ni Deo."

Nilimpigia Mama Solange namba ile mimi mwenyewe. Aliyepokea alikuwa mwenye kibanda cha simu Kigoma, Mtanzania mwenzangu. "Yule mzee wa Kikongo? Alikaa hapa nje kwenye benchi siku tano. Hata kula alikuwa anakula hapahapa asije akapitwa na simu. Jana mchana nikamsaidia, tukapiga huko kwenu, ikaita tu, hakuna mtu. Jioni kapanda boti kurudi ng'ambo. Kasema kama dada yake haonekani, basi anarudi kutafuta watoto wake." Ijumaa mchana duka letu lilifungwa kwa sala ya msikitini. Nilimpa Mama Solange ile simu ayasikie mwenyewe, nikamwona akiiegemea mbao ya kibanda na kuteremka taratibu mpaka sakafuni. Watoto walikuwa Zambia. Ujumbe huo niliupokea mimi mwenyewe, niliupeleka mimi mwenyewe. Kama ningemwelewa Deo ile Jumatatu, wala asingemhitaji dada yake. Ningemwambia palepale, kwa kinywa changu, "Watoto wako wapo Mpulungu, usirudi," na angeishi. Kosa langu halikuwa kuchelewesha ujumbe tu. Nilikuwa na nusu zote mbili mkononi.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kazini na begi langu, nikamwambia Mzee Sefu anifukuze. Alikuwa anafungua mlango wa chuma, kofia yake imelowa manyunyu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akawasha birika. "Kukufukuza wewe, easy," alisema. "Halafu? Yule bhuti, kaka ya Solange, akipiga tena, who knows his voice? Mimi? Kiswahili yangu inaisha kwenye karibu." Nikalia. Akaniachia nilie, akamimina chai. "Na mimi pia. Ijumaa mimi niko msikitini, simu inalia humu ndani, hakuna mtu. Miaka kumi na tano nafunga Ijumaa, never niliwaza nani analia humu. Eish." Kisha akaweka kidole mezani. "From today, wewe unarudisha neno. Mtu akisema, wewe unasema same-same, usitengeneze, usifanye nzuri. Halafu unauliza: huyo ni nani kwako? Kila mtu. Hata kama unajua. Hasa kama unajua." Ndiyo sheria niliyoifanyia kazi tangu siku hiyo, na ndiyo kiapo changu halisi, kile cha mahakamani nilikikuta baadaye. Wanasheria vijana hunisifu kwa subira ninapomuuliza shahidi mara ya pili alichomaanisha. Si subira, ni woga.

Nilianza kuzipeleka zote kwa miguu, nyeupe na nyekundu. Hakuna aliyeniagiza. Nilipanda majengo yote ya South Beach yenye lifti na yasiyo nayo, nilipanda taxi, daladala za kule, mpaka Jacobs nikasimama nje ya mageti ya viwanda, katika ule moshi unaokwaruza koo, nikingoja zamu itoke ili nimwambie mtu kwamba mama yake anamsalimia tu. "Ndiyo hiyo tu?" waliniuliza. "Ndiyo hiyo tu." Walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, na labda nilikuwa nimerukwa. Ghorofa ya kumi na moja peke yake sikuweza kupanda. Wiki tatu nilifika mpaka ya nane, nikakaa kwenye ngazi, nikashuka. Mdharau mwiba mguu huota tende, mama yangu alipenda kusema, na wangu ulikuwa umevimba mpaka haunipandishi.

Wiki ya nne nilipanda. Alifungua mwenyewe. Alikuwa amekonda usoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya msamaha njia nzima, yenye adabu zote za Tanga, lakini hakunipa nafasi. Alinishika mkono akaniingiza ndani, akanikalisha kwenye ile ndoo ya wateja, akakaa mbele yangu magoti yakigusana. "Rudia vile alisema," aliniambia. Nikaanza, "Alisema yaya wako yuko..." Akanikata. "Apana. Ule ni weye unasema. Rudia vile yeye alisema." Basi nikafumba macho nikamtafuta yule mtu. Mwambie Solange, yaya yake iko apa Kigoma. Amevuka. Aliuliza kama sauti ilikuwa na nguvu. Nilisema ilikuwa kavu. Alikohoa? Alikohoa mara moja, kabla ya namba. "Njo yeye," alisema, "kifua yake iko mbaya tangu mutoto." Na kwa nini hakujitaja jina, nilimuuliza, angenitajia jina ningekimbia! Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Atajitaya jina namna gani kwa mudogo wake? Miye sikumuita Deo ku maso yake ata siku moya. Yeye ni yaya." Deo lilikuwa jina la kumsemea kwa watu wa nje, watu kama mimi.

Tukawa tunafanya hivyo kila Jumamosi. Yeye hakuja tena dukani, mimi ndiye niliyepanda. Nilikuwa mtu wa mwisho kati yetu kuisikia sauti ya kaka yake, na aliitaka ile sauti kutoka kwangu kama mtu anavyorudi kunywa kwenye kisima kilekile hata kikiwa na tope. Nilijifunza kuikohoa mahali pake. Nilijifunza kusema "iko apa" pasipo kuisahihisha hata moyoni. Kisha tunakula. Siku moja, Jumapili mchana, nilifika wakiwa wametoka kanisani, nikasikia nyuma ya pazia jirani yake akisema bila kuficha sana: "Solange, uyu binti njo alipoteza ndugu yako, na unamupa chakula?" Kijiko kiligonga sufuria. "Nikimufukuza," Mama Solange alisema, "nitabakia na nani mwenye alimusikia?" Nilisimama pale na viatu vyangu mkononi. Hakusema amenisamehe. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, siku ile wala baadaye, na nimeacha kulingoja. Alisukuma pazia, akaniona, akasema, "Bukari inapola, ingia."

Habari za Deo zilikuja mara moja tu. Mtu aliyevuka mwezi wa kumi na mbili alisema alimwona Kalemie, sokoni, akiuliza watu kama wamewaona watoto wawili, wa kike na wa kiume. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Mzee Sefu aliacha kufunga duka Ijumaa. Alimweka mpwa wake wa kike akae na simu, naye akaenda msikitini na moyo mweupe. Kila simu ya Kigoma ilipoingia nilipokea nimesimama.

Watoto walifika mwezi wa pili, pamoja na mfanyabiashara mmoja wa Lusaka aliyewaongoza mpaka mlangoni. Furaha alikuwa na miaka tisa, Jonas sita. Mama Solange siku hizo alisuka vichwa kutwa ufukweni, na hapakuwa na wa kukaa nao baada ya shule. Alinipigia simu dukani, yeye ambaye tangu ile Jumamosi alikuwa hapigi simu, akaniambia maneno machache: "Batoto banahitaji mutu. Kuya na kitanda yako." Nikahamia nyuma ya lile pazia. Mzee Sefu alinipa zamu ya asubuhi, na saa nane nilikuwa getini kwa shule, namshika Jonas mkono tukivuka kwenye robot. Niliwapikia, niliwafulia, niliwachana nywele, niliwafundisha hesabu, na walipoota ndoto mbaya nilihamishia godoro langu kwao. Sikuwa na neno la kazi ile, au tuseme nilikuwa nalo na sikutaka kulitazama.

Jonas ndiye aliyelisema. Asubuhi moja ya shule alikaa kwenye ile ndoo, akaninyooshea mguu. "Yaya, nifungie kiatu." Nilipiga magoti nikakifunga. Nilikifunga vizuri, mafundo mawili, kisha nikaingia jikoni nikafungulia bomba la maji ili kilio changu kisisikike. Mama Solange alinifuata. Nilidhani atanionea huruma, kumbe alikuwa anacheka, kicheko kilichomtikisa mabega, cha kwanza tangu ile Jumamosi. "Sasa unaona? Kwenu we ni yaya. Na kwetu we ni yaya. Mwalimu, utasahihisha nini tena?" Nikacheka nami, na kamasi zikinitoka, tukashikana pale kwenye sinki mpaka watoto wakapiga kelele kwamba shule imeshaingia. Tangu siku hiyo naye akaniita hivyo, kama akina mama wanavyoita kwa mdomo wa watoto wao: Yaya, leta chumvi. Yaya, umechelewa. Yaya tu, bila kuongeza kitu.

Nilikaa nao miaka mitatu kabla ya kurudi nyumbani, lakini mwaka ninaoukumbuka ni ule mmoja. Nimeishi kwenye nyumba nzuri kuliko chumba kile. Nina dirisha sasa linaloonyesha bahari yote, nami huikumbuka ile iliyokatwakatwa na majengo. Naikumbuka harufu ya mawese kwenye pazia, na Mama Solange akipiga mswaki huku akiimba, na Furaha akimsomea Jonas kwa sauti ya kutisha. Naona haya kidogo kuusema: mwaka niliofanya kosa kubwa kuliko yote ndio mwaka ninaotamani urudi, na si ili nilirekebishe kosa tu. Ningetaka nipakuliwe tena.

Saa sita nilitoka mahakamani nikampigia Furaha. Alipokea kabla haijaita mara ya pili. Nikamwambia haya, nipe lile neno. "Yaya, alifungua maso, akaangalia ku mlango, akasema yaya amevuka. Halafu njo basi. Jonas anasema ni weye alikuwa anakuita, juu ulisema utakuya ku Noeli. Miye nasema ni papa. Tuambie, Yaya. Ni weye ama ni papa?"

Nilitaka niwe mimi. Nimeyaandika mengi humu ya kujisuta, basi niandike na hili: nilitaka kwa nguvu zangu zote neno lake la mwisho liwe jina langu, na lingeweza kuwa, na hakuna ambaye angenipinga. Nilikaa kwenye benchi. Nikamwambia Furaha arudie, vile yeye mwenyewe alisema, asitengeneze. Alisema amevuka au atavuka? "Amevuka." Alisema Yaya tu? Nikamsikia Furaha akimuuliza Jonas, nikamsikia Jonas akijibu kwa mbali. "Apana," akasema. "Alisema yaya yangu. Yaya yangu amevuka."

Yangu. Mimi kwake nilikuwa Yaya tu. "Ni baba yenu," nilimwambia. "Alikuwa anamwona baba yenu." Furaha aliweka simu pembeni, nikasikia, "Jonas! Ni papa!" kisha kilio cha mwanamume mzima ambaye niliwahi kumfunga viatu. Niliwangoja. Karani alipita akaniuliza kama nitarudi kwa kesi ya mchana, nikatikisa kichwa. Furaha aliporudi sauti yake ilikuwa imekauka, kavu kama ile ya baba yake. "Na weye, Yaya? Utakuya lini?"

"Leo," nilisema, na nikalisema taratibu, ili alifikishe kama lilivyo. "Mwambie Jonas, yaya yake anavuka leo."